Wahedi wa Sitini, au Namna Tulivyohesabu Karata Kabla ya Las Vegas

Mwaka 2020, watalii walipokatika na hoteli niliyokuwa nikifanya kazi Shangani ikafunga milango, nilianza kujifunza kuhesabu karata. Si kwa mapenzi ya hisabati. Mimi na hisabati tuliachana skuli, kwa amani. Nilisoma kwenye simu, usiku wa manane, kwamba blackjack, yaani ishirini na moja, ni mchezo wa kasino ambao mtu wa kawaida anaweza kumshinda mwenye meza kwa hesabu tu, bila ya wizi. Na kasino zipo Dar es Salaam, boti ya saa mbili kutoka Malindi. Nilikuwa na akiba ya laki nne. Mtu asiye na kazi akiwa na laki nne ana mawazo mengi kuliko tajiri.

Hesabu yenyewe, kwa asiyeijua, ni nyepesi mpaka inatia shaka. Kila ikitoka karata ndogo, kuanzia mbili mpaka sita, unaongeza moja kichwani. Saba, nane na tisa unaziacha zipite. Ikitoka kumi, ghulamu, bibi, mfalme au ree, unapunguza moja. Pakiti ya karata 52 ikiisha lazima uwe umerudi sifuri. Kama hukurudi, umejikwaa mahali. Basi hesabu ikipanda, ujue ndogo zimeshatoka nyingi na zilizobaki ni kubwa. Karata kubwa zinamfaa mchezaji, kwa sababu ree na kumi zikikutana mkononi mwake analipwa dau na nusu, na kwa sababu mgawaji analazimika kuendelea kuchukua mpaka afike 17, na penye kubwa nyingi hupasuka. Kwa hiyo hesabu ikiwa juu unaweka dau kubwa, ikiwa chini unaweka kidogo au unaondoka kwenda kunywa maji. Ndo hivyo tu. Kazi ni kuifanya haraka, pakiti nzima kwa nusu dakika, huku uso wako ukionesha kuwa unafikiria mambo ya mpira.

Nikatafuta karata za kufanyia mazoezi. Nyumbani kwetu karata zinakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la ami yangu, na nilipolifungua nikakuta mafungu mawili, kila moja limefungwa kwa mpira. Fungu kubwa lilikuwa la karata 36, zimelegea kama vitambaa, pembe zimekuwa duara, zinanuka kahawa. Fungu dogo lilikuwa na karata 16: mbili, nane, tisa na kumi za kila aina. Hizo zilikuwa nyeupe, ngumu, zinang'aa, kama zimenunuliwa Darajani asubuhi ile.

Nikazichanganya zote nikaanza. Siku ya kwanza nilihesabu vizuri ajabu. Siku ya pili vizuri zaidi. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba sihesabu kitu: karata mpya ilikuwa inajulikana kwa mgongo wake, na kwa hiyo kila kumi niliiona inakuja kabla haijafunuliwa. Ami alikuwa amekaa kizingitini ananitazama siku zote tatu. Akaniuliza hizo kumi nazichezea nini. Nikamwambia, "Ami, kumi ndo pesa."

"Nani kakwambia? Kumi haina kazi. Sisi tunaitoa kabla hatujaanza."

Nimeishi na jibu hilo miaka kadhaa sasa. Karata ambayo Las Vegas wanaiwinda usiku kucha ndiyo ambayo barazani kwetu inatupwa koponi kabla kahawa haijamiminwa. Na saba, ambayo hesabu ya Wamarekani inaiacha ipite kama mpita njia, kwetu ni ya pili kwa ukubwa katika pakiti nzima. Nikajiuliza: hesabu yetu imetoka wapi, na kwa nini tuliambiwa kuwa kuhesabu karata kulianzia Marekani?

Mchezo wa ami unaitwa wahedi wa sitini. Jina ni Kiarabu cha kuhesabia, moja na sitini, na hesabu yake iko hivi. Ree ni 11. Seti, yaani saba, ni 10. Mzungu wa nne, ambaye vijana wanamwita mfalme, ni 4. Mzungu wa tatu, ghulamu, ni 3. Mzungu wa pili, bibi, ni 2. Sita, tano, nne na tatu hazina kitu, ni za kutupia. Jumlisha upate 30 kwa kila aina. Aina ziko nne, kwa hiyo pakiti nzima ina 120, nusu yake ni 60, na anayefika 61 kashinda. Jina la mchezo ni mstari wa kumalizia mbio.

Yatazame hayo majina kwa makini, wewe unayependa maneno. Utoto wangu wote nilidhani mzungu wa nne ni wa nne kwa cheo, kama mtu wa darasa la nne. Siyo. Ni mzungu wa pointi nne. Bei yake imeandikwa kwenye jina lake. Mtoto anayejifunza kuzitaja karata keshajifunza nusu ya kuzihesabu bila ya kujua, na pengine ndiyo maana barazani sikuwahi kusikia mtu akifundishwa thamani ya karata. Unafundishwa kusema, basi.

Sasa nenda Lisbon. Huko wana michezo miwili maarufu, bisca na sueca, na katika michezo hiyo ree ni 11, saba ni 10, mfalme ni 4, ghulamu ni 3, bibi ni 2. Nane, tisa na kumi zinatolewa. Pakiti ni 120 na ushindi ni 61. Mtu akiniambia hiyo ni sadfa nitamkopesha ile fungu la kumi zangu acheze nazo.

Na majina yanakiri yenyewe. Karata ni carta ya Kireno. Turufu ni trunfo. Seti ni sete, saba. Shupaza ni espadas, panga. Msikilize Mreno wa leo akilitamka neno hilo na utaisikia ile "sh" yetu. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Ree inanisumbua kidogo, maana Kireno rei ni mfalme, na ree yetu si mfalme, ni ile yenye alama moja katikati. Lakini kwa kuwa ndiyo inayowala wote, sioni kwa nini mtu asiipe ufalme.

Wareno walipita pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498. Mwaka 1503 nahodha wao Ruy Lourenço Ravasco alikuja Unguja akakamata majahazi na kumlazimisha mtawala alipe kodi kila mwaka. Walikaa pwani kwa mabavu, na vipindi, mpaka Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Forodhani Waomani wakajenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na hiyo ndiyo Ngome Kongwe ambayo leo watu wanaangalia filamu ndani yake. Miaka mia mbili ya mizinga, na ukiuliza kilichobaki katika mdomo wa Mswahili utaambiwa: meza, bendera, leso, gereza (ambayo kwao ni igreja, kanisa, na sisi tukaifanya jela, kila mtu na alivyoliona jengo). Na karata. Pemba wana mchezo wa ng'ombe ambao wengi wanauhusisha na Wareno. Sisi Unguja tulibaki na turufu.

Njia haikuwa moja tu. Karne ya 19 walikuja Wagoa, wapishi, washoni, makarani, wapiga picha na wapiga muziki wa bendi ya Sultani, na Goa ilikuwa ya Wareno mpaka 1961. Watu wale walikuja na karata zao mifukoni, na sioni vipi wasicheze. Lakini wamishonari walioandika kamusi za Kiswahili katika karne hiyohiyo waliyakuta maneno haya yameshakuwa ya mji, yanatajwa na watu ambao kanisani hawajawahi kuingia. Neno halizoeleki hivyo kwa msimu mmoja.

Hadithi inazidi kunoga ukirudi nyuma zaidi. Karata Wareno hawakuzibuni. Ulaya zinaanza kutajwa sana katika miaka ya 1370, na mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa umeshazipiga marufuku, dalili nzuri kwamba watu walikuwa wamezipenda. Zilitoka upande wa Waislamu. Istanbul, katika kasri ya Topkapı, ipo pakiti ya zamani iliyotengenezwa Misri wakati wa watawala wa Kimamluki, na alama zake ni panga, vikombe, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Hizo ndizo espadas, copas, ouros na paus. Ulaya hawakuijua polo, wakaitazama ile fimbo, wakaona gongo tu. Kwa hiyo ami anapobamiza pau mezani pale Sokomuhogo, anabamiza fimbo ya polo ya Cairo iliyopitia Lisbon, na kwenye karata yenyewe imechorwa kama jani lenye vichwa vitatu, ambalo watoto wanaliita ua. Hakuna hata mmoja katika safari yote hiyo aliyeona kwamba kuna kosa.

Na katika pakiti ile ya Wamamluki hapana sura ya mtu. Kuna mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili, lakini wote ni maandishi na nakshi. Wahispania na Wareno mpaka leo wana neno naipe katika mambo ya karata, na wataalamu wengi wanalirudisha kwa naibu huyo. Waliotia nyuso ni Wazungu. Ndipo karata ziliporudi kwenye pwani ya Waislamu zikiwa na watu waliochorwa, wenye ndevu na mataji, na mtu wa Unguja akazitazama akasema anachokiona: mzungu. Mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Wapo watakaosema neno linatokana na mizungu, maarifa na ujanja, na sitagombana nao. Ila mimi nikiitazama ile sura ya mfalme wa kopa, naona maelezo mepesi yanatosha.

Bibi je? Kwa nini malkia yuko chini ya ghulamu? Nilimuuliza ami, akasema ndivyo dunia ilivyo, na shangazi aliyekuwa jikoni akacheka kicheko kisicho kizuri. Jibu ni kwamba katika karata za kale za Kireno hakukuwa na malkia. Alikuwapo kijakazi, sota, na alikuwa wa chini kuliko wote watatu. Zilipokuja karata za Kifaransa zenye malkia, watu wakamvika taji yule kijakazi na mshahara wake wakauacha palepale.

Nirudi kwenye kuhesabu. Jaws Corner, na mabaraza mengine mengi kutoka Malindi mpaka Vuga na ng'ambo mpaka Kikwajuni, utakuta bao, dhumna, keram na karata kwa pamoja, na kila mchezo una watu wake. Wa bao wanajiona wenye akili kuliko wote, na wana hoja: kete 64 zote ziko wazi mbele yako, hapana kilichofichwa, ukishindwa umeshindwa na kichwa chako. Wa karata wanajibu kwamba ndiyo maana bao ni la watu wasiopenda siri. Katika karata kila mtu ana tatu mkononi, zilizobaki zimelala kifudifudi, turufu moja imefunuliwa chini yake, na kila mkono ukiliwa mnaokota moja moja mpaka fungu liishe. Mwanzo ni giza. Halafu kila karata inayotupwa ni dirisha linalofunguliwa. Ikifika mikono mitatu ya mwisho, mchezaji mzuri anajua walichoshika wenzake karibu kama alichoshika yeye.

Ami anahesabu vitu vitatu kwa wakati mmoja. Pointi za upande wao, ili ajue lini wamefika 61. Turufu zilizotoka, katika tisa. Na ree na seti zisizo turufu. Nilimwuliza anaongezaje na kupunguza, akashangaa. Hapunguzi chochote. Akaniambia kama mtu anayemweleza mtoto njia ya sokoni: "Unaangalia nani hajaja. Kama arusini. Wote unawajua, si ndugu zako? Sasa fulani kaja, fulani kaja, fulani kaja. Seti ya uru hajaja. Basi yupo njiani, na mmoja katika hawa kaficha."

Kwa wiki kadhaa sikuelewa uzito wa maneno hayo, kwa sababu nilikuwa nasoma kitabu cha Edward Thorp.

Thorp alikuwa mwalimu wa hisabati kijana pale MIT, Marekani. Kabla yake wanajeshi wanne wa Marekani walikuwa wameshachapisha, mwaka 1956, namna bora ya kucheza ishirini na moja, waliyoipata kwa mashine za kuhesabia za mezani. Mchezo wenyewe ni mkongwe. Cervantes anautaja katika hadithi moja ya mwaka 1613, na anayeucheza ni kijana tapeli mwenye karata zilizochakaa kama zetu. Thorp akauliza swali ambalo ami angeliona la kitoto: karata iliyokwishatoka, si haiwezi kutoka tena? Kama ni hivyo, kwa nini tunacheza kila mkono kana kwamba pakiti ni nzima? Akaandika programu kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704, akapata jawabu, akalisoma mbele ya wanahisabati wenzake Washington mwezi Januari 1961. Kisha akaenda Nevada na dola 10,000 za wacheza kamari wawili, wakarudi wamezidisha zaidi ya mara mbili. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilitoka 1962. Katika kitabu hicho hesabu aliyoisisitiza ni ya kumi: kumi ngapi zimebaki dhidi ya nyinginezo. Ile ya kuongeza moja na kupunguza moja, niliyojifunza mimi, ilibuniwa na Harvey Dubner na kuingizwa katika chapa ya 1966.

Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibadilisha sheria za mchezo ili kuwabana wasomaji wa kitabu kile. Wateja wakasusa, na baada ya wiki chache sheria zikarudishwa. Baadaye wakapata dawa nyingine: pakiti sita kwa pamoja, karata 312 ndani ya kasha, na siku hizi mashine zinazochanganya bila ya kupumzika. Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Ken Uston, kwamba kasino za huko haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Nevada wanaweza, na wanafanya.

Sasa ona tofauti, maana hapa ndipo nilipokaa mwezi mzima. Njia ya arusini haifanyi kazi mbele ya karata 312. Hakuna bin Adam anayewajua wageni 312 kwa majina, na kila jina lina watu sita. Ndo maana Wamarekani wakaziponda karata zote kuwa kitu kimoja: kubwa, ndogo, na isiyohusika. Mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili, kumi, wote ni kumi, wote ni kupunguza moja. Kisha ile namba uliyonayo unaigawa kwa pakiti zilizobaki. Kichwani una sita, zimebaki pakiti tatu, basi ukweli wako ni mbili. Unajua uzito wa kilichobaki, hujui hata karata moja. Ami anajua karata, na ukimwambia auweke uzito wake kwa namba moja atakutazama tu.

Sisemi moja ni bora. Nasema ni kuhesabu kwa aina mbili, na ile ya baraza ilikuwapo hapa kabla kompyuta haijazaliwa, katika midomo ya watu ambao hawakuandika kitabu kwa sababu hapakuwa na wa kumshinda isipokuwa jirani. Thorp alihesabu dhidi ya nyumba, nyumba yenye pesa na walinzi. Barazani hakuna nyumba. Kuna watu wanne, wawili wawili, na anayeshindwa anampisha mwingine akae.

Pesa, hapana. Hilo kwetu halina mjadala mrefu: kamari imekatazwa, katika Suratul Baqara na katika Al-Maida, na baraza linaloanza kuweka fedha linakimbiwa na watu wazima. Mjadala mrefu ni wa kahawa. Je, aliyefungwa akiwanunulia wenzake kahawa, hiyo si dau? Nimeshuhudia magomvi ya saa nzima juu ya vikombe vinne vya kahawa, kwa dalili na hoja, na muuza kahawa mwenyewe akiwa upande wa waliohalalisha. Wazee wanarudi kwenye tofauti ya zamani ya wanavyuoni: nardi, inayochezwa kwa dado, ni haramu; sataranji, ambayo ni ya akili, Imamu Shafi aliiweka katika makuruhu. Karata zimekaa katikati. Zinagawiwa kwa bahati na zinachezwa kwa akili. Ami ana hoja yake: asiyehesabu anacheza nardi, anayehesabu anacheza sataranji, na wote wamekaa meza moja. Sijui shehe gani angeikubali, lakini kama maelezo ya kile ambacho hesabu inakifanya kwa karata, sijapata kusoma bora katika kitabu chochote cha kasino.

Wapenda fasihi mtanikumbusha Pushkin, na ni kweli, nilikwenda kumsoma tena. Katika Malkia wa Shupaza, ya mwaka 1834, kijana Hermann anapata siri ya karata tatu: tatu, saba, ree. Anashinda kwa tatu, anashinda kwa saba, na usiku wa tatu, anapodhani kashika ree, mkononi mwake ana malkia wa shupaza, na akili zinamruka. Nilimsimulia ami hadithi yote nikiwa nimemshikia kikombe. Hakusisimka na mzimu. Kilichomuudhi ni ile tatu. Saba na ree sawa, alisema, hizo ni seti na ree, kila mtu angezitaka. Lakini tatu ya nini? Na yule aliyemwua ni mzungu wa pili, pointi mbili! "Kafa kwa pointi mbili?" Alisikitika kweli. Nadhani Pushkin angependa kumsikia.

Laki nne ilibaki, na boti ilikuwa inaondoka kila siku. Hesabu iliyonizuia haikuwa ya baraza, ilikuwa ya kitabu. Anayehesabu vizuri, penye sheria nzuri, ana faida ya kama asilimia moja ya kila dau. Tuseme dau ni elfu kumi. Mikono mia moja, umepata elfu kumi, kwa wastani. Lakini kuyumba kwa mikono mia moja ni kama madau kumi na moja na nusu, kwenda juu au chini. Faida yako ni dau moja ndani ya bahari inayopanda na kushuka kumi na moja. Ukicheza mikono elfu kumi, faida ni madau mia na kuyumba ni mia na kumi na tano. Yaani hata baada ya kazi yote hiyo, karibu mtu mmoja katika watano waliohesabu bila ya kosa anarudi nyumbani na hasara. Na mimi nilikuwa na madau arobaini tu. Wakina Thorp walikwenda na elfu kumi za dola, za watu wengine. Nililiona hilo kwenye karatasi, nikalihesabu mara mbili, nikalala. Laki nne iliishia kwenye unga wa ngano na umeme, kama laki nyingi.

Mazoezi sikuyaacha, yalikuwa yameshanikaa mwilini, na hoteli haikufunguliwa mpaka baadaye sana. Nikahamia barazani. Mwezi wa kwanza nilikuwa balaa, kila seti ikitupwa kichwa changu kilisema sifuri, iache ipite, na mwenzangu akinitazama kama mtu aliyeacha mlango wazi usiku. Taratibu nikazoea. Jioni moja baada ya Isha akakosekana mtu, ami akaniita nikae mbele yake. Hakuwahi kuniita.

Tulikuwa na turufu ya uru. Nilihesabu kama nilivyojifunza, kwa kuondoa, tisa, nane, saba, na fungu lilipoisha nilijua kwa hakika kabisa kwamba nje imebaki turufu moja tu. Nikajiamini. Nikatoa ree yangu ya kopa, kumi na moja nzima, nikijua kwamba hata kama turufu ile ingetokea, itakuwa kitu kidogo. Mzee wa kulia kwangu akaishusha polepole. Ilikuwa seti ya uru. Mwenzake akarushia mzungu wa nne juu yake, kwa furaha. Pointi 25 kwa mkono mmoja.

Ami hakusema neno mpaka karata zilipohesabiwa: sisi 52, wao 68. Kisha akaniuliza, bila ya ukali, turufu ngapi nilijua zimebaki.

"Moja, ami."

"Nani?"

Nikanyamaza. Akazikusanya zile karata 36 laini, akazigonga mezani zikae sawa, akanisogezea nigawe.